Je, Wajua? Wapiga Piano wa Dunia na Mkono wa Afrika Mashariki

Ingia kanisa lolote la Eldoret Jumapili asubuhi, iwe Langas au Kapsoya, na utamkuta kijana nyuma ya kinanda. Mwimbishaji akianza pambio juu kuliko ilivyozoeleka, kijana hafadhaiki. Anabonyeza kitufe kimoja kidogo mara mbili tatu, mashine inapandisha sauti, na vidole vyake vinaendelea palepale vilipozoea kukaa. Wapo walimu wa muziki wanaokilaani kitufe hicho. Basi wamlaani na Irving Berlin.

Berlin, mtunzi wa "White Christmas", hakuwahi kujifunza kusoma nota, na karibu kila wimbo aliupiga kwenye vibonyezo vyeusi. Dawa yake ilikuwa piano maalum yenye wenzo. Akiusogeza, wimbo uleule, kwa vidole vilevile, ulitoka juu zaidi au chini zaidi. Moja ya piano hizo imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Alifariki mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 101, na nyimbo zake zingali zinaimbwa.

Kinanda cha kanisani kwa kawaida kina vibonyezo 61. Piano kamili ina 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Ndani yake zimekazwa nyuzi zipatazo 230, na ukijumlisha mvuto wake wote unakaribia tani 20, ndiyo maana ndani mna fremu nzito ya chuma. Kila kibonyezo kinataka uzito wa gramu 50 hivi ndipo kishuke. Kijana aliyekulia kwenye kinanda cha plastiki akikalia piano halisi kwa mara ya kwanza, mikono humuuma kabla wimbo haujaisha. Si kwamba hana kipaji. Misuli ndiyo bado haijafundishwa.

Mpiga piano ninayempenda kuliko wote ni Randy Weston, na nasikitika kwamba jina lake halijulikani sana huku kwetu, kwani alitupenda kabla hajatuona. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926. Baba yake, mfuasi wa mwanaharakati wa watu weusi Marcus Garvey, alimlea akimkumbusha kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Akakua hadi kupita mita mbili kwa urefu, na viganja vyake vilikuwa vya kiasi hichohicho: ukimsikiliza, mkono wa kushoto unatoa mngurumo wa ngoma, na huna shaka kwamba piano ni ala ya kupigwa.

Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Weston alikusanya bendi kubwa na kurekodi santuri aliyoiita *Uhuru Afrika*. Mipango ya ala iliandikwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye katika jazi ya zama zile alikuwa na wenzake wachache mno. Maneno yalitungwa na mshairi Langston Hughes. Weston alitaka santuri ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, akachagua Kiswahili. Aliyeyatia Kiswahili maneno ya Hughes, na kuyasoma mwenyewe mbele ya kipaza sauti, alikuwa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York kwenye Umoja wa Mataifa. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Ulibaki mwaka kama mmoja. Kenya ilibakiza mitatu.

Kipande cha mwisho kwenye santuri hiyo kinaitwa "Kucheza Blues". Weston alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika alipokirekodi. Safari yake ya kwanza, ya kwenda Lagos, ilikuja mwaka 1961. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Haikuwa na bunduki wala ilani ya chama. Ilikuwa na piano, ngoma na neno uhuru, na hilo lilitosha. Baadaye aliishi Tangier, Moroko, miaka kadhaa, na alipiga piano mpaka uzeeni. Alifariki 2018 akiwa na miaka 92.

Hakuwa peke yake kuvutwa na Kiswahili. Mpiga piano Herbie Hancock, aliyepiga Mozart na Orkestra ya Chicago akiwa mtoto wa miaka 11, alipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliongoza kikundi ambacho kila mwanamuziki alikuwa na jina la Kiswahili. Yeye alikuwa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari wa tiba, akawa Mganga. Albamu yao ya mwaka 1971 inaitwa *Mwandishi*. McCoy Tyner naye, aliyepiga piano katika kikundi cha mpiga saksafoni John Coltrane, ana albamu inayoitwa *Asante*. Siku hizi njia hiyo inasafiriwa kwa upande wa pili: Aaron Rimbui wa Nairobi alihamia New York, na albamu yake *Imani* ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kusikia jazi ya Mkenya iliyokomaa.

Tukija kwenye roki, wengi mnajua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Kisichosemwa sana ni kwamba kabla ya sauti ile kulikuwa na piano. Wazazi wake walimpeleka shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano hadi kufaulu gredi ya nne, na akiwa na miaka kama 12 alikuwa mpiga piano wa bendi ya shule, The Hectics. Familia ilikimbilia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtoto yeyote wa Eldoret anayelalamikia mitihani ya gredi na ajue kwamba mtunzi wa "Bohemian Rhapsody" hakuvuka hapo alipofika shuleni.

Wimbo huo aliutunga kwenye piano ndogo ya Yamaha aliyoinunua mwaka 1975 na kukaa nayo nyumbani mpaka kufa. Hakuvuta sigara akiwa ameikalia, wala hakuruhusu mtu aweke glasi juu yake. Septemba 2023 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Elton John, mpiga piano mwingine wa roki, ndiye aliyetunga muziki wa "Hakuna Matata" wa filamu ya *The Lion King* mwaka 1994. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuyaimba maneno hayo katika "Jambo Bwana", miaka 12 kabla.

Lakini uhusiano wetu wa zamani zaidi na piano ni wa huzuni. Vibonyezo vyeupe vya piano za karne ya 19 vilifunikwa kwa bapa nyembamba za pembe za ndovu, na Unguja ilikuwa soko kuu la pembe hizo. Misafara ya Waswahili ilitoka Mombasa na Pangani ikaingia bara mpaka Baringo, kwa Wailchamus kando ya ziwa. Ukitoka Eldoret, ni kupita Iten, kuteremka na kuvuka Bonde la Kerio na kupanda Kabarnet, halafu kushuka tena. Kutoka kote huko pembe zilibebwa begani hadi pwani, na baadhi ya wabebaji walikuwa watu waliouzwa utumwani. Meli zilizipeleka, miongoni mwa kwingineko, hadi jimbo la Connecticut, Marekani, ambako mji mmoja uliishi kwa kazi hiyo mpaka ukaitwa Ivoryton. Huko zilikatwa, kisha zikaanikwa kwenye vibanda vya vioo ili jua lizifanye nyeupe.

Ukikuta piano nzee, kwenye shule ya zamani au ukumbi uliojengwa enzi za walowezi, inama uangalie kibonyezo cheupe kwa karibu. Kama ni pembe, utaona mstari mwembamba unaokikata, pale kipande kipana cha mbele kinapokutana na kile chembamba cha nyuma, na mishipa hafifu kama ya mti. Plastiki haina hivyo. Na kama kifuniko kilifungwa miaka mingi, vibonyezo vitakuwa vimegeuka manjano, kwa sababu pembe hupauka kwenye mwanga na kuwa manjano gizani.

Kiwanda cha piano cha Steinway, New York, kiliacha kutumia pembe katikati ya miaka ya 1950. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Moi, mzaliwa wa Baringo hiyohiyo, aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe.

Kwa upande wa muziki wa klasiki, Ethiopia imetuzidi. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923, alisomea fidla Uswisi akiwa mtoto, akafungwa na Waitalia pamoja na familia yake mwaka 1937, akaendelea na masomo Cairo, kisha akaacha yote na kuwa mtawa mlimani, akitembea miguu mitupu kwa miaka kumi. Muziki aliurudia, kwenye piano. Mapato ya santuri zake aliyatoa kwa mayatima. Alifariki Jerusalem mwaka 2023, akiwa na miaka 99. Upigaji wake hauharakishi kitu. Nota zinachuruzika kwa mizani ya kanisa la kale la Ethiopia, halafu ghafla unasikia Chopin. Mwethiopia mwenzake, Girma Yifrashewa, alikulia kwenye kirar, ala ya nyuzi ya huko, na piano alianza kuigusa akiwa na miaka 16. Leo anazipiga kazi za mabwana wa Ulaya na tungo zake mwenyewe kwenye kumbi za nchi nyingi.

Je, wajua pia kwamba mpiga piano Glenn Gould wa Kanada yuko angani na wasichana wa Ituri? Mwaka 1977 vyombo viwili vya anga vya Voyager vilirushwa vikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu. Gould anapiga Bach. Kwenye santuri hiyohiyo kuna wimbo wa unyago wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo.

Na la mwisho, kwa aliye na piano halisi hapa Uasin Gishu. Ubao wake wa sauti ni mti mwembamba, nao hunywa unyevu. Mvua za Aprili hadi Septemba huuvimbisha na kuzikaza nyuzi, sauti ikapanda. Ukavu wa Januari huusinyaza, sauti ikashuka, na sauti za vibonyezo vya katikati ndizo hupotoka zaidi. Usiiegemeze kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala dirishani penye jua. Na fundi usimwite wiki ambayo mvua imeanza. Subiri hewa itulie, ndipo kazi yake idumu.