Umepewa fagio? Uliza nani aliuza hilo fagio

Kama unaishi Kibera, unajua ile foleni ya alfajiri kando ya reli, watu wakipiga mguu hadi Industrial Area kubahatisha kibarua. Kama wewe ni wa Kawangware, unajua ile nyingine, ya kuvuka kuingia Lavington kutafuta mjengo au nguo za kufua. Wengi kwenye foleni hizo ni wa rika letu. Na si ajabu: sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya watatu kati ya kila wanne wako chini ya miaka 35. Kwa hivyo kuwekeza kwa vijana ni kuwekeza kwa jiji lenyewe.

Swali ni, kuwekeza ni kufanya nini hasa?

Angalia tuliyoletewa. Mwaka 2009 kulikuwa na Kazi kwa Vijana. Mwaka 2020, corona ilipofunga kazi, ikaja Kazi Mtaani, na Kibera ikawa kati ya mitaa ya kwanza. Mwaka 2024 ikaja ClimateWorX ya kusafisha mito ya Nairobi. Serikali zinabadilika, majina yanabadilika, lakini ukifika kazini unapewa vifaa vile vile: fagio, reki, koleo na toroli.

Usidharau hizo kazi. Awamu ya pili ya Kazi Mtaani ililipa shilingi 455 kwa siku, na wakati ule 455 ilikuwa unga, stima na kitu kidogo cha kutuliza landilodi. Lakini mradi ulipoisha, wengi waliachwa pale pale ulipowakuta, kwa foleni ya alfajiri.

Sasa fikiria hivi. Lile fagio ulilopewa lilinunuliwa. Glavu, gambuti, toroli, rangi, vyote vilinunuliwa, na kuna mtu aliyeviuza. Wewe ulipata kibarua, yeye akapata tenda. Na kisheria, huyo muuzaji angeweza kuwa wewe.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kila ofisi ya serikali, kaunti ikiwemo, itenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huo unaitwa AGPO na ulizinduliwa 2013. Kijana hapa ni wa miaka 18 hadi 35. Mkiwa kikundi, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana. Kujisajili ni bure na kunafanywa mtandaoni, kwa hivyo mtu akikuitisha "kitu kidogo" ndiyo akusajili, mkimbie. Isitoshe, huhitaji kuweka dhamana ya zabuni, ile pesa ambayo msee wa mtaa hana.

Mbona basi hatujai kwenye hizo tenda? Sababu moja kubwa ni malipo. Kaunti ya Nairobi imekuwa ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80, deni ambalo hakuna kaunti nyingine inayolikaribia. Kampuni kubwa inaweza kungoja miaka miwili ilipwe. Wewe uliyekopa chama ili ununue bidhaa huwezi kungoja hata miezi sita. Utauza bodaboda, utakosana na wenzako, na tenda ikitangazwa tena utaipita kama hujaiona. Anayebaki mchezoni ni mwenye mfuko mrefu.

Kwa hivyo City Hall ikitaka kuwekeza kwetu, ianze kwa kulipa vijana kwanza. Deni la laki mbili la kikundi cha Gatina halitaizamisha kaunti, lakini litakizamisha hicho kikundi.

Pili, tenda zigawanywe ziwe ndogo. Shule za chekechea ni jukumu la kaunti. Zikihitaji meza na viti, kwa nini iwe tenda moja ya wadi zote 85? Mafundi wa jua kali wa Kawangware watengeneze vya Kawangware, wa Laini Saba watengeneze vya Laini Saba. Pesa itabaki mtaani, na fundi atapata sababu ya kuchukua kijana wa kufunza.

Tatu, hata kibarua kije na ujuzi. Asikwambie mtu kwamba vijana wa mtaa hawawezi kazi ya kichwa. Mwaka ule ule wa Kazi kwa Vijana, 2009, vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS wakachora mtaa wao kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, ambapo Kibera ilikuwa kama shamba tupu. Waliweka njia, mabomba ya maji, vyoo na kliniki. Mradi huo, Map Kibera, ulionyesha kijana huyo huyo anayepewa koleo anaweza kulipatia jiji taarifa ambazo halikuwa nazo.

Wewe utafanya nini? Kila mwaka, kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti lazima yawe yamefika bunge la kaunti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ipitishwe, Katiba inataka umma usikizwe. Vikao hivyo vikiitwa, msiwaachie wazee wa mtaa na wapambe wa wanasiasa nyinyi mkiwa base. Nendeni watano au sita na mseme maneno mawili tu: ile asilimia 30 ilienda kwa nani, na je, wamelipwa?

Wakikuzungusha, andika barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Weka nakala yenye muhuri, hesabu siku, na ya 22 ikifika, rudi ofisini na wenzako.