Kamera ya sokoni: nani anabeba mzigo?

Mkulima anayeleta kabichi Lushoto mjini kutoka Mlalo, akishalipwa na mchuuzi, hupenda kuhesabu fedha zake pembeni. Siku hizi pembeni nako kuna jicho. Kamera ya ulinzi ya duka la pembejeo, ofisi ya ushirika au gesti humrekodi yeye, fedha zake na namba ya gari alilopanda.

Je, picha hizo zikizagaa kwenye simu za watu, nani ataulizwa?

Wengi watamnyooshea kidole fundi aliyefunga kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaanzia kwingine. Anayeamua taarifa zikusanywe kwa ajili gani na kwa njia gani huitwa mkusanyaji. Anayeifanya kazi hiyo kwa niaba yake ni mchakataji. Kwa hiyo halmashauri, SACCOS au mwenye gesti ndiye mkusanyaji, na kampuni ya ulinzi inayolipwa kuangalia skrini ni mchakataji. Huyo naye ana wajibu wake, lakini bosi hawezi kujitoa kwa kusema hajui kompyuta.

Pagumu ni pale wafanyabiashara kumi wanapochangishana na kufunga kamera moja. Wote wameamua, hakuna anayejiona mwenyewe. Ni heri waandike kwenye muhtasari wa kikao nani anasimamia mashine, picha zinafutwa baada ya siku ngapi na nani ana nywila. Nywila ndiyo hatari yenyewe. Mara nyingi fundi huondoka nayo, na mwaka mzima baadaye bado anaweza kuliona duka akiwa kwake Mombo, miguu juu ya meza.

Mkusanyaji anatakiwa pia kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, na kuwajulisha watu kwamba wanarekodiwa na kwa nini. Tume inaweza kumtoza anayekiuka hadi Sh100 milioni, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia.

Kwa jirani zetu Kenya mambo haya yameshafika mfukoni. Septemba 2023, kamishna wa data aliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni za huko kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto.

Wezi wa mazao wapo, na sheria imeacha nafasi kwa kazi ya kuzuia na kupeleleza uhalifu. Kuwapa polisi picha za mtu aliyebeba magunia ya viazi usiku ni jambo moja. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp na kumwita mwizi kabla hajahojiwa ni jambo jingine kabisa, na hapo aliyerusha atajibu kwa jina lake.

Wanachama wa SACCOS wanaweza kuanza na swali dogo kwenye mkutano mkuu: nywila ya kamera yetu anayo nani, na ilibadilishwa lini?