Noeli, matope na homa: kushuka Walikale na watoto



Kila mwaka, mwezi wa 12 ukifika, mdogo wangu anayeishi Bruxelles ananipigia simu kulalamikia theluji. "Mwenzangu uko kwenye jua," ananiambia. Wakati huo mimi niko hapa Masisi, nimevaa sweta mbili, nimekaa karibu na mbabula, na nje mvua inapiga mabati tangu saa nane.

Simlaumu. Hata sisi wenyewe tunasahau jinsi nchi hii ilivyo kubwa. Kongo inaanzia juu ya ikweta na kushuka hadi karibu digrii 13 kusini yake, kwa hiyo hakuna mwezi hata mmoja ambao nchi nzima ina kiangazi. Noeli ikifika, Buta na Gbadolite kunakauka, lakini Lubumbashi mvua imekolea. Kinshasa pia ni hivyo: usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 mvua moja iliua watu zaidi ya 100 na kukata barabara ya Matadi. Ndugu wa Lubumbashi akikualika mwezi wa 6 kwa sababu mvua hakuna, anasema kweli, ila usisahau blanketi. Usiku wa huko miezi hiyo ni baridi.

Kwetu kalenda iko shambani. Mvua ya sezoni A inaanza mwezi wa 9, maharagi tunayavuna kuelekea Bonane, halafu jua linatupumzisha kidogo kati ya katikati ya mwezi wa 1 na katikati ya mwezi wa 2. Mvua ya sezoni B inatufikisha mwezi wa 5, kisha kiangazi chenyewe, wa 6 hadi wa 8. Angalieni basi Noeli inaanguka wapi: barabara imekunywa maji miezi mitatu mfululizo, na ndipo sisi tunafunga mizigo na watoto mgongoni.

Masisi-centre na Walikale-centre ziko mbali na ikweta kwa kiasi karibu sawa. Tofauti ni mlima. Ukipita Nyabiondo na Kashebere unashuka kwenye msitu, na msitu hauna kiangazi cha kweli. Mvua inapungua tu. Kule usiulize ni mwezi gani, uliza imenyesha lini. Siku mbili tatu za jua zinafanya barabara ipitike, na mvua ya jioni moja inairudisha kuwa uji.

Kabla ya mvua kuna lile tunalolijua sote. Njia ikifungwa na vita, kalenda haina kazi. Ulizia waliopita jana, si waliopita juma lililopita. Haya ninayoandika ni ya siku ambazo njia inapitika.

Mwaka mmoja nilimpeleka mtoto wangu wa miaka 4 kwa mama mkwe wangu Walikale, kula Noeli. Fuso ilikwama, tukalala njiani chini ya plastiki, na mimi nikadhani hiyo ndiyo shida ya safari. Hapana. Tulirudi salama, na siku ya kumi mtoto akawaka homa. Nikasema ni baridi ya Masisi, nikampa dawa ya homa na chai ya tangawizi. Siku mbili zilipita hivyo. Muuguzi wa kituo cha afya aliniuliza swali moja tu: "Mmetoka wapi?" Akamtoboa kidole, malaria ikaonekana, na ilikuwa imeshamzidi. Alipona, lakini zile siku mbili bado zinaniuma.

Mtoto wa mlimani hajazoea malaria kama mwenzake wa Walikale, na ikimpata inaweza kumwangusha haraka. Tena ugonjwa hauonekani siku ya kuumwa na mbu. Unaweza kuja wiki moja au mbili baadaye, au hata zaidi, wakati mmesharudi na mmesahau. Beba chandarua chako, usitegemee cha mwenyeji. Mtoto akipata homa baada ya safari, apimwe siku hiyo hiyo, na utaje Walikale kabla hujaulizwa. Mama mwenye mimba, kama safari inaweza kungoja, ingoje. Na wanaopanda kutoka Walikale kuja kwetu, jamani, mtoto mchanga na kikwembe kimoja havitoshi. Mleteeni kofia na soksi.

Safari ianze asubuhi, kwani mvua kubwa mara nyingi inakuja baada ya saa sita mchana. Na msipumzike mdomoni mwa bonde eti kwa sababu hapo mlipo kuna jua. Tarehe 4 Mei 2023, jirani zetu wa Kalehe walikuwa sokoni Nyamukubi, siku ya soko. Maji yalishuka kutoka milimani na kubeba nyumba, soko na watu. Huko na Bushushu walikufa zaidi ya 400. Mto ukibadilika rangi ghafla, panda juu. Acha gunia.

Mimi sasa nimegawa safari. Biashara naifanya mwisho wa mwezi wa 1: nashuka na maharagi makavu, napanda na mawese. Watoto wanaenda mwezi wa 7, shule zikifungwa. Mama mkwe alinuna mwaka wa kwanza, akasema Bonane bila wajukuu si Bonane. Siku hizi anampa motari bidoni ya mawese tuilie sikukuu, na ikifika mwezi wa 6 anaanza kupiga simu: barabara imekauka, mnangoja nini?