Mfanyakazi hodari habakizwi kwa kufungiwa mlango

KUMPATA mfanyakazi hodari ni gharama, na kumpoteza ni hasara. Kampuni kubwa za teknolojia za Marekani zinalijua hilo, lakini baadhi yake zilichagua njia ya mkato.

Katikati ya miaka ya 2000, Apple, Google, Intel, Adobe na nyingine ziliwekeana makubaliano ya siri: hakuna kumpigia simu mfanyakazi wa mwenzako kumshawishi ahamie kwako. Kwa kuwa mhandisi hakuitwa na jirani, hakujua thamani yake sokoni, wala hakuwa na cha kumwonyesha bosi anapodai nyongeza ya mshahara.

Septemba 2010, Wizara ya Sheria ya Marekani ilizibana kampuni sita, zikakubali kuachana na mtindo huo. Novemba mwaka huohuo, Google ilitangaza nyongeza ya asilimia 10 kwa wafanyakazi wake wote.

Mwaka 2011 wahandisi walikwenda mahakamani. Mwaka 2014 Jaji Lucy Koh alikataa fidia ya dola milioni 324.5 kuwa ni ndogo. Mwaka 2015 akaidhinisha dola milioni 415 kwa wafanyakazi wapatao 64,000.

Njia halali zipo. Kampuni nyingi za aina hiyo humpa mwajiriwa hisa kidogokidogo, mara nyingi kwa miaka minne. Anayeondoka mapema huacha zilizobaki.

Mwajiri yeyote, hata mwenye karakana, ajiulize: jirani akimwita fundi wangu kesho, ana sababu gani ya kubaki?