Vifaa vya Kusikia Visemezane
Ununuapo maikrofoni ya kupeleka sauti bila waya hadi kifaa cha kusaidia kusikia, usidhani kila kifaa kitaipokea. ConnectClip ya Oticon haisemezani na vifaa vya ReSound, wala Multi Mic ya ReSound na vya Oticon. Asiyeuliza mapema hula wa chuya.

Lugha ni lugha kwa kuwa ni mali ya wengi. Koili ya sumaku iliyomo katika vifaa vingi, ingawa ni kongwe, hupokea sauti bila kujali mtengenezaji. Bluetooth LE Audio, iliyotangazwa mwaka 2020, inalenga umoja uo huo.

Shule zinunuapo vifaa hivi, zidai viwango vya pamoja. Mwanafunzi asiyemsikia mwalimu wake asitozwe gharama ya ushindani wa makampuni.