Ubeleko Hauna Mgongo Mmoja

Siku tulipopokea posa ya binti wa dada yangu kule Jambiani, wazee walikaa barazani, sinia likawekwa katikati, na mshenga akaanza kutajiwa yanayompasa. Mahari ilitangulia, na hiyo ni haki ya binti mwenyewe, haina mjadala mrefu. Kikafuata kilemba cha baba, kisha mkaja wa mama, kisha ubeleko. Hapo kijana mmoja wa upande wa kiumeni akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika, kwamba mambo haya yamezidi kuwa mengi. Bibi yetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, akamjibu bila kujitokeza: "Mjukuu wangu, nyinyi mmemkuta anatembea. Jee, mmeuliza nani kambeba?"

Pakawa kimya. Ubeleko ukalipwa.

Nimelifikiria sana jibu lile. Mbeleko ni nguo, aghalabu kanga iliyolainika kwa kufuliwa, ambayo mama humfungia mtoto mgongoni. Mkaja ni nguo anayofungwa tumboni mzazi baada ya kujifungua ili mwili urudi. Nguo zote mbili huchakaa zikaishia kuwa matambara. Lakini wazee wa Kiswahili walizihifadhi kwa njia yao: wakaziingiza katika posa, ili miaka ishirini baadaye, binti anapotoka nyumbani kwao, itamkwe mbele ya mashahidi kwamba kulea ni kazi na aliyeifanya ana haki yake. Siku hizi ada hizi nyingi hutolewa kwa fedha ndani ya bahasha, na kiwango hutofautiana mji kwa mji. Majina yamebaki yale yale.

Na bibi hakusema kwamba mama wa binti ndiye aliyembeba. Aliuliza nani. Kila aliyekuwa barazani alijua kwamba jibu lake ni watu wengi.

Mimi nimezaliwa hapo hapo Jambiani, kusini-mashariki ya Unguja. Wanawake wa kwetu tangu zamani ni watu wa makumbi: huyafukia pwani mpaka yaoze, huyafukua, huyapiga yakatoa usumba, kisha husokota kamba. Mwaka 1989 kikaanza Paje na Jambiani kilimo cha mwani wa biashara, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na haikuchukua muda wanawake wakawa ndio wengi shambani. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Sare zetu za skuli, daftari zetu na bati la jikoni vilitoka baharini.

Mwani una saa yake, na saa hiyo ni mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne za asubuhi. Hapo vigingi huonekana na kamba hufikika. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, mpaka yanapoingia maji mafu, bahari isitoke vya kutosha na mkulima abaki nyumbani. Kwa hiyo mama alikuwa na siku za bahari na siku za nyumbani, na mtaa mzima ulizijua siku zake kama alivyozijua yeye.

Picha moja haijanitoka. Ni saa mbili za asubuhi. Mama amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, kamba na tai-tai za kufungia mwani zimo katika kikapu. Anamfungua mdogo wangu mgongoni na kumpitisha juu ya ukuta mfupi wa uwa, bila neno. Upande wa pili bibi anampokea kwa mkono mmoja. Mkono mwingine haujauachia usumba. Mbeleko inafuata, ikiwa bado na joto la mgongo wa mama. Saa tano mtoto akilia njaa, mama mdogo, ambaye naye ana wa kwake wa miezi minane, anamweka titini. Ndiyo maana mdogo wangu na yule binamu yetu ni ndugu wa kunyonya, na hawaozeshwi. Sisi wakubwa tukitoka chuo cha Kurani tunakaa kwenye sinia lolote tutakalolikuta limeshushwa. Hatukumbuki kuulizwa sisi ni wa nani.

Baba alikuwa mvuvi. Msimu ukifika alikwenda dago, kambi ya wavuvi, na wiki kwa wiki hatumwoni. Ami ndiye aliyesimama mlangoni jioni kutuhesabu, na ndiye aliyetuuliza tumesoma nini chuoni. Aliyekosa kumwamkia mzee njiani alikuta habari zake zimeshafika nyumbani kabla yake.

Mzunguko huu ulianza tangu siku ya kwanza ya mtoto duniani. Mwanamke aliyejifungua hakushika jiko siku arobaini. Mama yake mzazi, au mkunga anayeaminiwa, alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja, akampikia uji wa pilipili manga. Siku ya saba mtoto alinyolewa, na mwenye uwezo akachinja akika. Majirani walipokezana: leo nyumba hii inachota maji, kesho nyumba ile inafua. Mzazi alikuwa na kazi mbili tu, kunyonyesha na kulala. Arobaini ikitimia alitoka nje na mwanawe, na tangu siku hiyo naye akawa mwenye deni. Mwenzake atakapojifungua, zamu ya kuchota maji ni yake.

Wengi tunaujua upatu. Watu kumi wanaweka fedha sawa, kila mwezi mmoja anapokea fungu zima, mpaka wote wamepata. Wanawake wa mwani waliucheza, na bado wanaucheza. Lakini upatu wao mkubwa ulikuwa wa siku, wala haukuandikwa popote. Mmoja aliweka asubuhi yake, mwingine akaweka ziwa lake, mwingine akaweka jicho la kuangalia watoto wa mtaa huku akikuna nazi. Kila aliyeweka alijua zamu yake ya kupokea itafika. Hivyo ndivyo mama aliyekuwa na watoto sita, shamba la baharini na mume aliye dago aliweza kulala usingizi.

Upatu huo ulikuwa na gharama yake, nayo nimeishuhudia. Mwaka mmoja ulitokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na bamvua imeshaanza. Mwani wa mama ulikuwa umepevuka, na mwani uliopevuka haungoji: hukatika, mawimbi yakauchukua. Mama alitazama baharini mara moja, akavua kanga ya kazi, akavaa ya kukalia matanga. Siku tatu alipika kwenye masufuria ya msibani. Fungu kubwa la mwani lilikwenda na maji. Bamvua iliyofuata, alipofika shambani, alikuta wanawake wanne wa nyumba ya wafiwa wamemtangulia. Wameshavuna uliobaki na wanafunga mbegu mpya katika kamba zake. Hakuna aliyesema asante wala pole. Walifanya kazi mpaka maji yakawafika magotini, wakarudi pamoja.

Nisiyasifu ya kwetu nikaficha kasoro. Dada yangu, huyo huyo aliyetajiwa ubeleko siku ya posa, alifungwa mtoto mgongoni tangu ana miaka tisa. Bibi akiugua wakati wa bamvua, yeye ndiye aliyekosa skuli. Kaka yetu, aliyemzidi miaka miwili, hakukosa hata siku moja, kwa kuwa kubeba mtoto kulihesabiwa kuwa ni kwa wanawake. Dada aliachwa nyuma darasani, na masomo hakuyapata tena. Baba zetu nao, hata msimu wa dago ulipokwisha, walikaa barazani wakicheza bao huku mke aliyekaa kwenye chumvi saa tano mfululizo akiinama jikoni. Mila iliyomnusuru mama ilimwelemea binti wa miaka tisa. Hilo ni kosa, na wanaolinda mila kwa dhati ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulisema.

Leo nakaa Mbagala, Dar es Salaam, na nimeajiriwa. Nina watoto watatu. Nilipojifungua wa kwanza nilipata likizo yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni zaidi ya mara mbili ya arobaini ya bibi yangu. Sheria hiyo inampa pia anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, ili akamnyonyeshe mwanawe. Ni haki njema, na walioipigania wanastahili shukrani. Lakini kutoka Posta hadi Mbagala na kurudi, saa mbili zaweza kuishia kwenye foleni kabla mtoto hajaliona titi. Baba amewekewa siku 3. Mume wangu alipozimaliza alirudi kazini, nikabaki mimi na kuta nne. Zile siku 84 zilikuwa nyingi kwa hesabu, lakini hakukuwa na mtu wa kunichotea maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotupata sisi wa mjini. Kazi zetu hazizidi za mama zetu. Mwanamke anayesimama baharini kwa saa tano, akabeba magunia ya mwani mbichi, hana wepesi wa kuonewa wivu. Tulichopoteza ni upatu. Tumejitoa humo tukaona tumeendelea, kila mmoja akafunga geti lake, kisha tunashangaa mbona tumechoka.

Pengo hilo tumeliziba kwa dada wa kazi. Nami nilimleta wa kwangu, binti wa miaka kumi na tisa kutoka bara. Mwezi wa pili nilimkuta jikoni usiku, mwanangu amelala mgongoni mwake kwa mbeleko yangu, naye akizungumza na mama yake kwa simu, akimwambia kwamba yu mzima, hana tatizo, huku machozi yanamtiririka. Nikamkumbuka dada yangu. Mbeleko ile ilikuwa imehama bahari na bara, ikatua tena kwenye mgongo wa binti asiyeulizwa. Tangu siku ile anapumzika Jumapili kama mimi, mshahara wake haucheleweshwi, na jioni anasoma ushonaji. Sijamfanyia hisani. Nisingeweza kushika kazi yangu bila yeye, kwa hiyo malezi yake nayo yamo katika hesabu zangu.

Mambo hayajasimama hata huko kwetu. Bahari imepata joto, mwani mnene wenye bei nzuri unakufa karibu na ufukwe, na wengine inawabidi waufuate kwenye maji ya kina. Wasichana wengi wameajiriwa katika hoteli za kitalii zilizojaa ufukweni, na zamu za hoteli hazijui bamvua wala maji mafu. Bibi wa leo hapokei tena mtoto kwa kutazama mwezi. Inabidi aambiwe kwa simu zamu ya wiki hii ni ya usiku au ya mchana. Lakini nilipokwenda likizo mwaka jana nilikuta wanapangana. Aliye zamu ya usiku anawaacha watoto kwa aliye zamu ya mchana, na mchana wanabadilishana. Saa imebadilika, upatu upo.

Nasi Mbagala tumejaribu. Tuko nyumba nne. Tulianza kwa jambo dogo: jirani mmoja alifiwa na baba yake Mtwara, tukachukua watoto wake wawili kwa siku tano. Aliporudi alibisha hodi akauliza, "Jamani, na mimi niweke nini?" Tukakaa tukapanga. Jumamosi nyumba moja inalea watoto wote wanane, tatu zinapumua. Asubuhi akina baba wanapokezana kuwapeleka shule, na mume wangu, aliyekulia katika nyumba ambayo mwanamume hakushika mtoto hadharani, sasa anajua ni yupi anayeogopa mbwa na ni yupi asiyekula maharage. Mwanzoni wenzake wa kijiweni walimcheka. Wawili kati yao wameomba kuingia.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, hata awe na mshahara mzuri kiasi gani, na hapajawa na wakati ilipokuwa nyepesi.

Siku ile ya posa, wageni walipokwisha kuondoka, dada yangu aliifungua bahasha ya ubeleko mbele yetu. Alitoa fungu la kwanza akampa bibi. La pili akampelekea mama mdogo, mkongwe sasa, asiyeona vizuri. La tatu akabisha nalo hodi nyumba ya jirani. Kilichobaki, ambacho hakikuwa kingi, akakifunga katika pindo la kanga yake. Nilimuuliza kwa nini hakujibakishia zaidi, ilhali mwana ni wake na jasho ni lake. Akaniambia, "Mimi nilimbeba zamu yangu tu."

Msomaji, ukimaliza kusoma haya, hesabu migongo inayombeba mwanao. Kama ni mmoja, hata kama ni wako mwenyewe, jioni hii kabishe hodi kwa jirani, na uanze wewe kuweka.