UNATAKA KIYOYOZI? MUULIZE UKUTA KWANZA

Wenzetu walioko Ulaya, ikifika Disemba simu zao zote ni hita. Hita imeharibika, hita inakula pesa. Siye huku Unguja kilio chetu ni kinyume chake. Njoo Februari, upepo umekata, shuka imekuganda mgongoni, unaamka saa nane za usiku kutafuta pahala pa kupumulia na hupaoni. Hapo ndipo kijana anapoapa: "Mwezi huu lazima ninunue AC!"

Sikukatazi, msomaji wangu. Ila kama unakaa Mji Mkongwe, nipe dakika tano nikusimulie yaliyotukuta nyumbani.

HARUSI NA MASHINE

Kaka yangu alipooa alimleta mkewe kwenye nyumba yetu ya urithi, Malindi. Chumba chao kiko ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati. Wifi yangu hana makuu, lakini mimba ilikuwa kubwa na vipele vya joto vimemjaa mwili mzima. Nani atamlaumu? Zamu ya kaka ya upatu ilipofika, akarudi na mashine ya BTU 18,000 kwa chumba kisichozidi hatua sita. Nikamuuliza, "Kaka, kubwa yote hii ya nini?" Akanijibu, "Nataka barafu, miye!"

Fundi akaja na drili na ngazi. Akatoboa ukuta wa upande wa uchochoroni, akafunga mashine, akala wali wetu, akaondoka. Mpira wa kutolea maji aliuacha unaning'inia nje, unachiriza ukutani. Usiku ule kaka alilala na blanketi. Unguja hii, blanketi! Tulicheka mpaka basi.

Kicheko kilikwisha masika ya pili. Chumba cha bibi kiko chini ya cha kaka. Ukuta wake ulianza kutoa madoa, kisha ukavimba. Alfajiri moja bibi kaamka kutawadha, anarudi anakuta pande la chokaa na mawe, kubwa kama beseni, limelala juu ya mto wake. Juu ya mto, jamani! Angelala dakika kumi zaidi, leo ningekuwa naandika mengine.

Mafundi wa chokaa walipofukua, walikuta kichwa cha boriti kilichoingia ukutani kimeoza, unakichota kwa kidole. Gharama ya kutengeneza ikapita bei ya mashine.

MAJI YANATOKA WAPI?

Watu wengi hawajui kwamba kiyoyozi hakikubuniwa kwa ajili ya kulaza watu. Mmarekani Willis Carrier aliitengeneza mashine hiyo mwaka 1902 kwa kiwanda cha kupiga chapa cha Brooklyn, ili karatasi zisivimbe kwa unyevu. Kazi yake ya mwanzo ni kukausha hewa, na hewa ya pwani yetu ina maji tele. Mashine ikifanya kazi usiku kucha inaweza kutoa ndoo ndogo nzima.

Sasa peleka ndoo hiyo kila siku kwenye ukuta wa Mji Mkongwe. Kuta zetu si za tofali na saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene nusu mita au zaidi, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa inapumua: inanyonya unyevu na kuutoa. Ukiilowesha bila kuipa nafasi ya kukauka, inalegea na boriti zinaoza. Na ukiziba kwa saruji ndiyo umemaliza kabisa, maji yanafungiwa ndani.

NYUMBA NAYO NI MASHINE

Wazee waliojenga hawakuwa wajinga. Dari ziko juu ili joto lipande. Kuta nene zinachelewesha jua lisiingie ndani. Ua wa katikati unatoa hewa moto kwa juu, na madirisha yanayotazamana yanapitisha upepo, wa kaskazi au wa kusi.

Ushahidi ninao. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme unaotoka Bara ulipopata hitilafu, Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu. Miye nilikuwa skuli ya msingi. Familia nzima tulihamia ukumbi wa chini, madirisha wazi, mlango wa uani wazi. Tulilala. Waya mpya ulipokuja mwaka 2013 kila mtu akakimbilia AC, na ule ukumbi tukaufanya stoo. Madirisha mawili tukayaziba kwa makabati!

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, toa makabati. Fungua madirisha. Kama uko chini ya bati, weka siling bodi kwanza, kwani bati ndilo jiko lenyewe. Kisha funga pangaboi. Pangaboi linakula kama wati 70 hivi. Ukilala nalo saa nane hata uniti moja ya Tukuza haiishi. AC ya BTU 12,000 inakula karibu kilowati moja ikiwa imeshika kazi: saa hizo hizo nane zinaweza kumeza uniti nane. Piga hesabu na mshahara wako.

BADO UNAITAKA? HAYA

Kuna mgonjwa, kuna mtoto mchanga, kuna chumba kisicho na dirisha la pili. Nakubali. Basi fanya hivi:

1. Pima chumba. Kwa makisio, zidisha mita za mraba kwa 600. Chumba cha mita 3 kwa 5 kinataka BTU 9,000; kikiwa juu chini ya bati, nenda 12,000. Mashine kubwa mno inapoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa, unabaki na baridi yenye unyevunyevu.

2. Chagua aina ya inveta. Mota yake inapunguza mwendo chumba kikishapoa, na umeme unapungua.

3. Mtumba wenye gesi ya R22 uachie mwenyewe. Gesi hiyo inaondoshwa duniani kwa Mkataba wa Montreal kwa kuharibu ozoni.

4. Muulize fundi: "Una pampu ya kuvuta hewa kwenye mabomba?" Akikwambia hewa inatolewa kwa kupuliza gesi kidogo, mpe chai aende zake.

5. Waya wa mashine utoke peke yake kwenye swichi kubwa, na breka yake.

6. Mashine ya nje usiitundike uchochoroni. Mji wetu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kugusa uso wa nyumba kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Iweke uani.

7. Maji yaende kwenye ndoo au bomba la maji machafu. Yasiguse ukuta abadan!

Leo kwetu kuna mashine ndogo ya inveta, imewekwa uani, na mpira wake unaishia kwenye ndoo ya kupigia deki. Wifi na mwanawe wanalala raha. Bibi tulimwambia tumfungie yake, tena kwa gharama zetu. Akatutazama tu.

"Wajukuu zangu, mie nirejesheeni dirisha langu."

Tukaliondoa lile kabati. Usiku upepo unaingia kutoka bandarini, na siku hizi wa kwanza kumkimbilia bibi kulala ukumbini ni kaka mwenyewe, tarehe za mwisho wa mwezi, Tukuza ikiwa imekwisha.